Kichocheo Hakizai Mafuta: Dizeli ya Mimea kutoka Kongo ya Wabelgiji hadi Mugina

Utangulizi

Anayepika kwa kuni anajua maana ya kuchochea. Husukuma kuni kati ya mafiga, moto uliokuwa umefifia ukawaka, kisha huweka kijiti chake pembeni kikiwa kile kile. Waliotafuta neno la Kiswahili la kutaja kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kuliwa na mmenyuko huo walichagua vizuri: kichocheo. Hata hivyo, ndani ya neno hilo mna onyo. Kuchochea kunasaidia pale tu ambapo kuni zipo.

Insha hii inaichunguza historia ya vichocheo vilivyotumika kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini, kuanzia utafiti uliofanywa Ubelgiji kwa mawese ya Kongo katika miaka ya 1930, hadi kiwanda kidogo cha dizeli ya mimea kilichojengwa Mugina, wilayani Kamonyi, na basi lililokuwa likisafiri kati ya Kigali na Huye. Wengi wetu tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa watoto basi hilo lilipoanza safari. Leo likitajwa, mara nyingi hutajwa kwa mzaha: kwamba tulijaribu sayansi kubwa kuliko uwezo wetu, ikatushinda.

Ninadai kwamba kauli hiyo si sahihi kihistoria. Kemia haikutushinda. Kichocheo kilichotumika ni cha bei nafuu na kinajulikana na mtengenezaji yeyote wa sabuni. Kilichokosekana ni mafuta yenyewe, na nyuma ya mafuta kuna ardhi, bei na kazi ya mkulima. Kosa la kudhani kwamba ugunduzi wa maabara unatosha kuleta mafuta lilifanywa na wengi kabla yetu, wakiwemo waliokuwa na fedha na mamlaka kutuzidi sana.

Tatizo la mafuta mazito

Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli iliyoendeshwa kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe alilisimulia jambo hilo mwaka 1912, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, na kueleza kwamba wazo hilo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa. Sababu yao haikuwa mazingira kama tunavyoyasema leo. Makoloni ya Ufaransa barani Afrika yalikuwa na karanga nyingi, na watawala walitaka mashine za huko ziendeshwe kwa kitu kinachopatikana huko huko bila kusubiri meli ya makaa ya mawe au petroli. Tangu mwanzo, basi, historia ya dizeli ya mimea ilifungamana na swali la nani anatawala ardhi inayotoa mafuta.

Injini ile ilifanya kazi, lakini kulikuwa na kasoro ambayo ilionekana wazi zaidi kadiri injini zilivyozidi kuwa ndogo na za kasi. Mafuta ya mimea ni mazito. Yakipimwa kwenye nyuzi joto 40 za Selsiasi, uzito wake wa kutiririka ni takriban mara 10 ya ule wa dizeli ya kawaida, na pengine zaidi. Mafuta mazito hayanyunyiziki vizuri ndani ya silinda. Matone yake huwa makubwa, hayaungui yote, na mabaki huganda kama masizi kwenye pua za kunyunyizia na kwenye pete za pistoni. Gari huenda leo na kesho, lakini baada ya muda injini huharibika.

Uzito huo unatokana na umbo la molekuli. Molekuli moja ya mafuta ya mimea ni kama mkono wa gliserini ulioshika kamba tatu ndefu za asidi za mafuta. Njia mojawapo ya kuyafanya mafuta yawe mepesi ni kuzifungua kamba hizo kutoka kwenye gliserini na kuifunga kila moja kwenye molekuli ndogo ya pombe, iwe methanoli au ethanoli. Matokeo yake ni esta tatu nyepesi, ambazo ndizo dizeli ya mimea, na gliserini inayozama chini ya chombo. Kwa makadirio, kilo 100 za mafuta zikichanganywa na kilo 11 hivi za methanoli hutoa karibu kilo 100 za dizeli na kilo 10 au 11 za gliserini. Ukichanganya mafuta na pombe peke yake, hata hivyo, utasubiri sana bila kuona kitu. Hapo ndipo kichocheo kinapohitajika.

Brussels 1937 na mawese ya Kongo

Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya Ubelgiji namba 422,877. Hataza hiyo ilihusu namna ya kubadilisha mafuta ya mimea ili yatumike kama mafuta ya injini, na wanahistoria wa kemia wanaihesabu kuwa maelezo ya kwanza ya kile tunachokiita leo dizeli ya mimea. Chavanne alitumia mawese, ethanoli, na asidi kama kichocheo. Katika majira ya joto ya mwaka 1938, basi la abiria liliendeshwa kwa esta hizo za mawese kati ya Brussels na Leuven. Hivyo basi, zaidi ya miaka 70 kabla ya basi la Kigali na Huye, basi jingine lilikuwa limefanya safari ya namna hiyo katika nchi iliyokuwa ikitutawala. Mwaka 1942, jarida la kilimo la Kongo ya Wabelgiji lilichapisha ripoti ndefu ya van den Abeele kuhusu mawese kama malighafi ya mafuta ya injini.

Msomaji wa Rwanda ana sababu ya kusimama hapa kidogo. Tangu mwaka 1925, Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji. Taarifa za kitaalamu zilizoandikwa kwa ajili ya Léopoldville zilihusu pia Astrida, mji tunaouita Huye leo. Utafiti wa Chavanne haukuwa habari ya mbali kutoka Ulaya. Ulikuwa sehemu ya mpango wa himaya moja ambayo babu zetu waliishi ndani yake.

Lakini mawese yale yalitoka wapi? Mwaka 1911, William Lever, mwenye viwanda vya sabuni vya Uingereza, alitia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji uliompa haki ya kuchagua hadi hekta 750,000 za misitu ya michikichi ndani ya maeneo matano ya mduara. Makao ya eneo mojawapo yaliitwa Leverville, mahali ambapo leo panaitwa Lusanga, katika bonde la mto Kwilu. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, baadaye ikawa sehemu ya Unilever, iliyozaliwa kutokana na muungano wa mwaka 1929.

Kukata mikungu ya chikichi ni kazi ya kupanda juu ya mti mrefu kwa mshipi wa kamba, na mtu akiteleza haokoki kirahisi. Watu hawakuipenda kazi hiyo kwa ujira uliotolewa, na utawala ulitumia kodi na nguvu kuwapeleka msituni. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza, bei ya mawese ilianguka na ujira ukapunguzwa, lakini kodi ilibaki pale pale. Mwaka 1931, Wapende wa Kwilu waliasi. Afisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, aliuawa, na jeshi la kikoloni lilipojibu, Wapende zaidi ya 500 waliuawa.

Kati ya maasi hayo na hataza ya Chavanne ipo miaka sita tu. Sisemi kwamba Chavanne alihusika na yaliyotokea Kwilu; alikuwa mwanakemia katika maabara yake. Ninachosema ni kwamba hataza yake inaanza pale mafuta yanapokuwa tayari ndani ya chupa. Njia iliyoyafikisha mafuta kwenye chupa haimo ndani ya maelezo ya mmenyuko. Kwa mwanakemia, mafuta yalikuwa yamepatikana. Kwa mkataji wa chikichi, kuyapata ndiyo ilikuwa kazi yote.

Vita Kuu ya Pili vilizidisha mahitaji. Japani ilipoteka Malaya na visiwa vya Uholanzi huko Asia mwaka 1942, Mataifa ya Muungano yaliyategemea zaidi mawese ya Afrika, na siku za kazi ya lazima Kongo ziliongezwa. Huku kwetu, mzigo wa juhudi za vita uliwakuta watu wakiwa katika ukame, na njaa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944 iliua watu wengi mno. Baada ya vita, petroli ya Mashariki ya Kati ilishuka bei, na esta za mawese zikasahauliwa kwenye majalada. Zilisahauliwa kwa sababu ya bei, wakati kemia yake ilikuwa imeshathibitishwa barabarani.

Kutoka asidi hadi kostiki

Asidi aliyoitumia Chavanne ina faida moja na hasara moja. Faida yake ni kwamba inavumilia mafuta machafu, yaani yaliyoanza kuchacha na yenye asidi nyingi zilizojitenga. Hasara yake ni uvivu. Kwa makadirio ya watafiti, mmenyuko unaochochewa na asidi unaweza kwenda polepole mara 4,000 kuliko ule unaochochewa na alkali kwa kiasi kile kile cha kichocheo.

Alkali iliingia katika historia hii kupitia mlango wa sabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, makampuni ya Marekani yalitaka njia rahisi ya kutoa gliserini kwenye mafuta, kwa kuwa gliserini hutumika pia kutengeneza baruti. Hataza za Bradshaw na wenzake za mwaka 1942 na 1944 zilieleza namna ya kuchanganya mafuta na methanoli pamoja na alkali kidogo, yaani kostiki ile ile inayouzwa kwa watengenezaji wa sabuni. Waliotafuta gliserini ya vita na sabuni waliwaachia warithi wao kichocheo cha dizeli bila kukusudia.

Mgogoro wa petroli wa mwaka 1973 ulipoifanya dunia irudie majalada yake, Afrika Kusini ilijaribu esta za mafuta ya alizeti kwenye matrekta, na Austria ikashughulikia mafuta ya kanola. Mwaka 1984, Freedman, Pryde na Mounts, watafiti wa idara ya kilimo ya Marekani, walichapisha masharti ambayo mpaka leo hufundishwa darasani: molekuli sita za methanoli kwa kila molekuli ya mafuta, joto la nyuzi 60 hivi, kichocheo kisichozidi asilimia moja ya uzito wa mafuta, na muda wa saa moja. Kwa masharti hayo, zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hugeuka kuwa esta.

Kostiki nayo ina udhaifu wake. Mafuta yakiwa na asidi huru nyingi, kichocheo huacha kazi yake na kutengeneza sabuni. Sabuni hiyo huifanya dizeli na gliserini zishikane, na mtu akajikuta na pipa la uji usiofaa kwa gari wala kwa kufulia. Mafuta ya mbono kaburi, mmea ambao vitabu huuita jatropha, mara nyingi huwa na tabia hiyo, hasa mbegu zikikaa ghalani vibaya. Kwa hiyo mafuta kama hayo hupitishwa hatua mbili: kwanza asidi, kisha kostiki. Vichocheo viwili vya historia, kile cha Brussels na kile cha viwanda vya sabuni, hukutana katika pipa moja.

Mugina na basi la Huye

Rwanda haina kiwanda cha kusafisha petroli wala bandari. Mafuta yetu hubebwa na malori kutoka Mombasa na Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,400. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoifunga njia ya Kenya, Kigali ilijua maana ya kutegemea barabara moja. Mwezi Julai mwaka huo huo, pipa la petroli duniani lilipita dola 140. Mtu anayesema kwamba dizeli ya mimea ilikuwa ndoto ya wasomi tu amesahau miezi hiyo.

Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi na Kiteknolojia, maarufu kwa kifupi cha Kifaransa IRST, yenye makao yake Huye, ilikuwa tayari imeanza majaribio. Ilijenga kiwanda cha mfano Mugina chenye uwezo wa kutoa takriban lita 2,000 kwa siku, na mnamo mwaka 2010 basi lake lilikuwa likibeba abiria kati ya Kigali na Huye kwa dizeli ya mimea. Wakati huo huo, mwaka 2009, serikali ilitia saini makubaliano na wawekezaji wa kigeni ya kupanda mbono kaburi kwenye hekta 10,000 katika Mkoa wa Mashariki.

Basi lilikwenda. Hilo ndilo jambo ambalo mzaha wa leo unalisahau. Watafiti wa Kinyarwanda walichukua mafuta, methanoli na kichocheo, wakatoa mafuta ya injini yaliyopanda na kushuka milima ya barabara ya Huye. Lakini malighafi haikutosha, mashamba makubwa ya mbono kaburi hayakufikia ukubwa uliotarajiwa, na mwaka 2013 IRST ikavunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na wakala mpya wa utafiti na maendeleo ya viwanda, NIRDA. Leo ukisimama Nyabugogo, mabasi mengi ya Huye yanatumia dizeli iliyotoka bandarini.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya. Lita 2,000 kwa siku kwa siku 300 ni lita 600,000 kwa mwaka, na lita moja ya mafuta hutoa karibu lita moja ya dizeli. Tuseme hekta moja ya mbono kaburi inatoa tani moja ya mbegu, na theluthi ya uzito huo ni mafuta. Hayo ni makadirio ya ukarimu kwa udongo uliochoka. Tutapata lita 350 hivi kwa hekta. Kukilisha kiwanda kimoja kidogo kwa mwaka mmoja kunahitaji karibu hekta 1,700. Katika nchi ambayo familia nyingi za wakulima zina chini ya hekta moja, hizo ni ardhi za kaya zaidi ya 1,700, na mbono kaburi hauliwi, una sumu. Mkulima aliyeulizwa aung'oe mharage apande mbono alikuwa na hesabu yake mwenyewe, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Aidha, mafuta ya mimea yanayoliwa yana mnunuzi mwingine asiyesubiri: sufuria. Rwanda huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia. Lita ya mawese inayoingia kwenye pipa la esta ni lita iliyonyimwa sokoni, na mara nyingi bei yake jikoni hupita bei ya dizeli. Hakuna kichocheo kinachoweza kubadilisha hesabu hiyo, kwa kuwa kazi ya kichocheo ni kufupisha muda wa mmenyuko. Hakifupishi bei.

Kisarawe: kosa lile lile kwa mtaji mkubwa

Mtu anaweza kujibu kwamba Mugina ilishindwa kwa kuwa ilikuwa ndogo, na kwamba mtaji mkubwa ungefaulu. Historia ya jirani zetu inajibu hoja hiyo. Umoja wa Ulaya ulipoamua mwaka 2009 kwamba kufikia 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu, makampuni yalikuwa tayari yanatafuta ardhi Afrika Mashariki. Kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilikodishwa zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe, Tanzania, kwa miaka 99, ili ipande mbono kaburi. Mwaka 2011 ilifilisika. Wanakijiji walibaki bila ajira walizoahidiwa na bila ardhi waliyoitoa.

Jina la mmea lenyewe lingetosha kuwa onyo. Kwa wenyeji ulikuwa mmea wa uzio na wa makaburini, unaostawi pasipotunzwa. Wataalamu wa mbali walisikia kwamba unaishi kwenye ardhi kavu, wakadhani pia unazaa kwenye ardhi kavu. Kuishi na kuzaa ni mambo mawili. Ukitaka mbono uzae sana, unadai maji na mbolea kama mahindi.

Tukiweka Leverville, Mugina na Kisarawe pamoja, tunaona jambo moja. Leverville ilipata mafuta kwa sababu ilikuwa na mabavu ya kumlazimisha mkataji. Kisarawe ilipata ardhi kwa karatasi lakini haikupata mafuta. Mugina haikuwa na mabavu wala ardhi ya watu, na ninaona fahari katika hilo, lakini haikupata mafuta pia. Katika sehemu zote tatu, mmenyuko wa kemia ulikuwa sehemu iliyoeleweka vizuri kuliko zote.

Hidrojeni na Makueni

Tangu mwaka 2007, njia nyingine imeenea. Kiwanda cha Neste huko Porvoo, Finlandi, kilianza kuyatibu mafuta ya mimea kwa hidrojeni badala ya pombe, kwa joto na mgandamizo mkubwa. Kinachotoka si esta, ila dizeli inayofanana kabisa na ya petroli, na inaweza kuendelezwa kuwa mafuta ya ndege. Vichocheo vya njia hii kwa kawaida ni metali kama molibdenamu pamoja na nikeli au kobalti. Kobalti, kama tujuavyo, sehemu kubwa ya inayouzwa duniani inachimbwa Kongo. Miaka 100 baada ya mkataba wa Leverville, nchi ile ile ya jirani yetu inaweza kutoa hata kichocheo, na bado kiwanda kikawa kwingine.

Kenya imeingia kwenye mnyororo huu. Mwaka 2022, kampuni ya Italia ya Eni ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu huko Makueni, na shehena ya kwanza ya mafuta ikasafirishwa kupitia Mombasa kwenda kwenye kiwanda chake cha Gela, Sisilia. Mei 2023, ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta hayo ya ndege. Mpango wa Makueni umejifunza kitu: unanunua mbegu za nyonyo na za pamba kutoka kwa wakulima, bila kuchukua ardhi yao kwa miaka 99. Ni hatua mbele. Hata hivyo, mbegu hukamuliwa hapa na kuchochewa kule, na thamani kubwa ya bidhaa huzaliwa pale kichocheo kilipo.

Hapa lazima nikubali hoja inayopingana na yangu. Ikiwa thamani huzaliwa penye kichocheo, basi kichocheo si jambo dogo kama nilivyodokeza. Pia, kichocheo kinachovumilia mafuta machafu hupanua orodha ya malighafi: mafuta yaliyokwisha kukaangia viazi, masalio ya viwanda vya kukamua, mbegu zilizoharibika. Wakati huo kichocheo, ingawa hakizai mafuta, kinayahesabu kuwa mafuta yale ambayo jana yalimwagwa mferejini. Nakubali. Lakini hoja hiyo inaimarisha somo la Mugina. Utafiti wa kichocheo unapaswa kuanza kwa kuuliza ni mafuta gani yapo tayari na hayana mlaji, kisha kutafuta kichocheo kinachoyafaa. Mugina ilianza na kichocheo, ikaenda kutafuta mafuta.

Kuna mlango ulio wazi kwa maabara zenye fedha kidogo. Watafiti wengi barani Afrika na Asia wameonyesha kwamba oksidi ya kalisi inayopatikana kwa kuchoma maganda ya mayai, na majivu ya maganda ya ndizi yenye potasiamu nyingi, yanaweza kuchochea mmenyuko wa esta. Katika sehemu nyingi za Afrika majivu ya namna hiyo yalitumika kutengeneza sabuni kabla ya kostiki ya dukani. Nchi ya migomba kama yetu haikosi maganda. Migahawa na hoteli za Kigali nazo hazikosi mafuta yaliyochoka.

Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha kwamba kemia ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa dizeli ilikamilika mapema, na mara mbili ikaendesha basi la abiria: Ubelgiji mwaka 1938 na Rwanda mnamo 2010. Basi la kwanza lilisimama kwa sababu petroli ilikuwa rahisi. La pili lilisimama kwa sababu hapakuwa na mafuta ya kutosha ambayo hayakuhitajika na sufuria wala shamba la maharage.

Tofauti kati ya sababu hizo na kauli ya kwamba sayansi ilitushinda si ndogo. Mwanafunzi wa kemia anayeambiwa kwamba waliomtangulia walishindwa na sayansi ataogopa kujaribu tena. Akiambiwa kwamba walifaulu katika sayansi na wakakosa malighafi, atajua pa kuanzia. Atatoka maabara na daftari, aende sokoni, jikoni na kwa mkulima, aulize kuni ziko wapi. Akishazipata, kijiti cha kuchochea hakitamsumbua kukitafuta.